Simu tatu, soko moja: namba za kwenye kartoni na ukweli wa mkononi

Dada yangu mdogo anauza makayabo katika soko kuu la Butembo, mkoani Kivu ya Kaskazini. Siku moja alinipa dola 100 zilizokunjwa ndani ya kitambaa, akaniambia: « Yaya, sitaki telefone ya kujionesha. Unitafutie yenye itakaa na chaji mpaka magaribi, na yenye nitasikia audio hata kama mashini ya unga inalia. »

Kwa dada, kama kwa wachuuzi wengi wa mashariki mwa Kongo, simu si kitu cha starehe. Ni kibeti, ni daftari la madeni, na ni njia ya kujua kama gari lenye bidhaa limekwisha kuvuka mpaka wa Kasindi. Tuliona hivyo pia Goma na Bukavu: benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, raia wengi walibaki wakitegemea pesa za kwenye simu. Kwa hiyo anayekosea kuchagua simu hakosi picha nzuri tu, anaweza kukosa mtaji.

Nilipata simu tatu za kujaribu. Wauzaji wawili waliniazima mbili, na rafiki mmoja akaniazima ya tatu. Kila moja ilikaa siku tatu: asubuhi kwenye meza ya dada sokoni, jioni mkononi mwangu. Majina ya kampuni nayaacha, kwa kuwa simu za aina hizi zinatengenezwa na wengi, na niliyoyaona msomaji atayakuta katika duka lolote.

Ya kwanza: simu ya kubonyeza

Hii ni ndogo, ina kioo cha upana wa vidole vitatu, ina tochi, redio na 4G. Bei yake ni dola 25. Kwa chaji haina mshindani: tuliijaza jumapili usiku, na jumatano asubuhi ilikuwa bado inaita. Ilianguka mara mbili juu ya simenti, kifuniko kikaruka, dada akakirudisha na kuendelea kuuza.

Pesa za simu zinafanya kazi ndani yake bila tatizo, kwa sababu huduma hiyo inapita kwenye namba fupi zinazoanza na nyota. Haihitaji intaneti wala mega. Mama mwenye simu ya dola 10 anatuma na kupokea pesa sawa na mwenye simu ya dola 1.000.

Shida ilikuwa WhatsApp. Kwenye kartoni alama yake imechorwa, lakini ndani ya simu haimo. Mnunuzi ajue jambo hili: kwa simu za kubonyeza zenye mfumo wa KaiOS, WhatsApp haikuweza tena kupakuliwa tangu Juni 2024, na mwanzoni mwa 2025 iliacha kufanya kazi hata kwa wale waliokuwa nayo. Kartoni za zamani bado zinazunguka katika magazini zetu. Muuzaji akikuambia « ina WhatsApp », mwambie aifungue mbele yako, na kadi yako ya SIM ikiwa ndani.

Ya pili: smartphone mpya ya dola 95

Ukiitoa kwenye kartoni, moyo unafurahi. Kioo ni kikubwa, mgongo unang'aa, na nyuma kuna macho matatu ya kamera. Juu ya kartoni wameandika « 8 GB » kwa herufi kubwa.

Tuanze na hiyo 8. Hapa tunazungumzia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya simu, si ile kodi ya RAM ya 2020 iliyokuwa ikikata yuniti zetu hadi ilipoondolewa mwaka 2022. Nilipoingia kwenye mipangilio, sehemu ya « Kuhusu simu », nilikuta imeandikwa 4 + 4. Nne za kwanza ni kumbukumbu ya kweli. Nne za pili ni nafasi iliyoazimwa kutoka mahali pa kuhifadhi picha na video, ambapo mwendo ni mdogo zaidi. Ni kama kusema duka lako lina vyumba viwili, kumbe cha pili ni kibaraza cha nyuma. Kinasaidia kidogo, lakini hakigeuki kuwa duka. Kwa WhatsApp, Facebook na simu za kawaida, 4 za kweli zilimtosha dada. Ukikuta 2 za kweli, ujue utakuwa unasubiri kila unapofungua kitu.

Macho matatu ya kamera nayo yalihitaji kupimwa. Nilifunika moja baada ya lingine kwa kidole huku kamera ikiwa wazi. Ni moja tu lililotia giza kwenye kioo. Mengine mawili hayakubadilisha kitu. Hilo moja linapiga picha safi mchana, lakini usiku ndani ya nyumba yenye taa ya sola, uso unakuwa kama umepakwa poda.

Katika mambo ya kazi, simu hii ilifanya vizuri. Batri ya mAh 5.000 ilimaliza siku nzima ya soko, pamoja na audio na video za kina mama wenzake, na jioni ilibaki robo. Spika yake inapiga kelele kweli: dada alisikia audio ya mteja wa Beni huku mashini ya kusaga muhogo ikilia hatua kumi kutoka mezani. Ina nafasi mbili za kadi za SIM, jambo la lazima kwetu, maana rezo ya kampuni moja ikianguka unahamia kwa nyingine.

Yaliyomchosha ni mawili. Jua la saa sita likipiga, kioo kinakuwa giza na anakifunika kwa kiganja ili asome. Tena alama ya kidole ilikataa karibu kila mara, kwa sababu vidole vyake vina chumvi na maji ya makayabo. Aliiacha siku ya kwanza, akarudi kwenye namba ya siri. Namba ya siri haijali chumvi.

Ya tatu: okazioni ya Dubai

Rafiki yangu aliniazima simu ya kampuni kubwa, ya miaka mitano iliyopita, iliyoingia kupitia Dubai. Kwa dola 100 unapata kitu ambacho kikiwa kipya kiliuzwa bei ya pikipiki. Na mkono unasikia tofauti: ina mwendo, kioo chake kinasomeka hata juani, na picha ya usiku inatoka na rangi zake.

Lakini saa nane mchana ilizima. Batri ya lithiamu inazeeka kwa kila mzunguko wa kujaza na kumaliza. Baada ya miaka mitano, namba iliyoandikwa juu yake ni historia tu. Siku ya pili tulichajisha mara mbili, na siku ya tatu dada aliiacha nyumbani. Kubadilisha batri inawezekana, ila batri ya asili ya simu ya zamani ni vigumu kuipata, na zile za kuigiza zinaongezea gharama na hatari ya joto.

Kuna hatari nyingine kwa simu za okazioni: simu iliyofungwa. Tangu 2013 kwa iPhone, na tangu 2015 kwa Android, simu iliyofutwa bila ruhusa ya mwenyewe inaweza kuomba akaunti ya zamani na neno lake la siri. Usipolijua, umenunua kioo cha kujitazamia. Nyingine zimefungwa kwa kampuni moja ya mawasiliano ya Marekani au Ulaya, na hazikubali kadi zetu.

Umeme ndio unaoamua

Katika miji yetu umeme ukija, huji kwa muda wa kutosha kila siku. Ndiyo sababu chaja ina maana kama simu yenyewe. Batri ya mAh 5.000 kwa chaja ya wati 10 inaomba karibu saa tatu ili ijae. Kwa ya wati 18, ikiwa simu inaikubali, karibu saa mbili. Wati hizo zimeandikwa kwa herufi ndogo juu ya chaja. Zisomeni kabla ya kuangalia rangi ya simu.

Nilijaribu pia power bank ya mAh 20.000. Hesabu ya shuleni inasema itajaza simu ya 5.000 mara nne. Ilijaza mara mbili na nusu. Si lazima iwe ni wizi: umeme ukibadilishwa kutoka nguvu ya batri hadi nguvu ya USB, sehemu yake inapotea, hasa kwa njia ya joto. Basi ukinunua, hesabu karibu nusu ya kilichoandikwa.

Kwa wenye kutumia panel ndogo ya sola: panel ndiyo ikae juani, simu ikae kivulini. Wengi wanaziweka pamoja juu ya bati, halafu wanashangaa batri kuvimba. Joto ndilo linaua lithiamu haraka.

Kabla ya kutoa pesa

Dakika kumi mbele ya muuzaji zinatosha. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI ya tarakimu 15, na uilinganishe na ile ya kartoni, zikitofautiana, ondoka. Tia kadi zako zote mbili na upige simu. Fungua « Kuhusu simu » usome RAM ya kweli. Funika kamera moja moja. Toka nje, usome ujumbe juani. Kwa okazioni, omba muuzaji aifute mbele yako, kisha uiwashe upya uone kama itaomba akaunti ya mtu mwingine. Ukisikia « hiyo haina maana, mama », ujue ina maana.

Nilimletea dada hesabu hii yote jumamosi jioni, nikiwa tayari kumshauri achukue ya pili. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. Alichukua ya pili kweli, kwa dola 95. Lakini kadi yake ya SIM yenye pesa hakuitia ndani. Aliirudisha katika kasimu kake ka zamani ka kubonyeza, kenye namba zilizofutika, akakafunga ndani ya kitenge kiunoni.

« Hii nzuri itakaa juu ya meza, » alisema. « Mwizi akiibeba, amebeba picha na audio. Kale kabaya hakuna mwenye atakatamani, na njo kenye kamebeba mtaji. »

Dola tano zilizobaki alizirudisha ndani ya kitambaa.