Ramani Inayojibu Maswali ya Maji Singida

Mnamo mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi, kwa mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika ukapita, na akina mama wengi wa Iramba na Manyoni walikuwa wangali wakiamka alfajiri kufuata maji ya mbali. Sababu ni nyingi, na uhaba wa fedha ni mojawapo. Lakini iko moja isiyosemwa sana: kwa muda mrefu hapakuwa na orodha moja ya kuaminika iliyoonyesha kisima kipi kinatoa maji na kipi kimekwisha kufa.

Hali hiyo ilianza kubadilika pale watu walipopelekwa vijijini, kituo hadi kituo, kuandika mahali kilipo, aina ya pampu, mwaka wa kujengwa, wasimamizi wake na kama maji yanatoka. Shirika la WaterAid lilitangulia katika baadhi ya wilaya, na katika miaka ya mwanzo ya 2010 Wizara ya Maji ikaieneza kazi hiyo nchini. Habari zilizokusanywa zikatiwa katika ramani ya kompyuta.

Yafaa ndugu zetu wa Visiwani waelewe tofauti ya ramani hii na ile inayoning'inia ukutani ofisini mpaka ikageuka rangi. Ile hutazamwa tu; hii huulizwa. Afisa akitaka visima vya pampu ya mkono vilivyojengwa kabla ya 1990 na ambavyo havitoi maji, alama nyingine zote hutoweka, vikabaki hivyo. Akitaka kujua ni watu wangapi wanaovitegemea, huweka juu yake hesabu ya watu.

Ikiulizwa, ilijibu nini? Katika vituo 59,400 vya Tanzania Bara ambavyo takwimu zake zilitolewa hadharani, asilimia 54 vilifanya kazi, asilimia 7 vilihitaji matengenezo, na asilimia 38 havikutoa maji. Uchunguzi wa WaterAid wa mwaka 2009 ulikuwa umeonyesha jambo zito zaidi: robo ya vituo vilikuwa vimeharibika miaka miwili tu baada ya kujengwa. Mimi siamini kwamba ukame ndio unaoua kisima cha miaka miwili. Aghalabu kinachokosekana ni fundi, kipuri na fedha za matengenezo, ilhali sherehe ya ufunguzi haikukosekana.

Kwa Singida jambo hili lina uzito wake. Mkoa una kilomita za mraba zipatazo 49,000, karibu mara ishirini ya Unguja na Pemba pamoja, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058. Manyoni na Itigi huchukua zaidi ya nusu ya eneo hilo, lakini watu wake wametawanyika. Wastani wa mkoa mzima, ambao viongozi wengi hupenda kuusoma mikutanoni, humficha mtu wa pembezoni. Tena, si kila maji ya ardhini yanafaa kunywewa. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye madini ya floridi kwa wingi katika baadhi ya visima, ambayo huharibu meno ya watoto na, yakizidi, mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vipimo hivyo vikitiwa katika ramani kabla ya kuchimba, kijiji huepushwa na kisima kitakachofungwa baadaye, au kibaya zaidi, kisichofungwa.

Visiwani nako kazi ya namna hii imefanyika. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani.

Ila ramani ya maji huzeeka upesi. Kituo kilichoandikwa kizima huenda kikafa mwezi ujao. Tangu mwaka 2019 RUWASA imekabidhiwa maji ya vijijini, nayo inafanya kazi pamoja na vyombo vya watumia maji. Simu zimefika vijijini. Basi pampu inapokatika, msimamizi wa kijiji aweze kutoa taarifa siku hiyo hiyo, na ofisi ya wilaya iandike hadharani tarehe ya taarifa na tarehe ya fundi kufika.