Kisukari na Macho: Madhara Huanza Kabla Hujaona Tofauti

Wakazi wengi wanaoishi na kisukari hufika kwenye kliniki ya macho wakati wameanza kuona ukungu. Mara nyingi retina huwa imedhurika kwa miaka kadhaa kufikia hapo. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga ili ubongo upate picha. Hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele.

Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, kuta za mishipa hiyo huumia, na mwili hujibu kana kwamba umepata kidonda. Ukijikata kidole, mahali pale hupata joto na kuvimba kwa sababu chembe nyeupe za damu zimekimbilia huko kuponya. Hiyo ndiyo inflamesheni, na kwa kidonda cha siku chache ina faida. Ndani ya jicho la mwenye kisukari haikomi. Chembe nyeupe hunata kwenye kuta za mishipa na kuziba baadhi yake, na kemikali zinazotolewa hulegeza kuta hizo hadi majimaji yakavuja. Yakikusanyika katikati ya retina, mahali tunapotegemea kusoma na kutambua nyuso, sehemu hiyo huvimba na maandishi huonekana yamepinda au kufifia. Sehemu zilizokosa damu nazo huchochea mishipa mipya kuota, lakini ni dhaifu na hupasuka. Hapo mtu huona vidoa vyeusi vinavyoelea, au kama pazia limeshuka ghafla. Ukiona hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla ya hapo hakuna maumivu, na jicho haliwi jekundu. Kwa hivyo usingoje dalili.

Tafadhali usijinunulie dawa ya matone kwenye duka la dawa ukidhani itatuliza uvimbe huu. Baadhi ya matone huwa na steroidi, ambayo ikitumiwa bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu neva yake. Vidonge vya kutuliza maumivu havitibu retina, na vingine huumiza figo, ambazo kisukari tayari kinazilemea. Daktari wa macho ana njia zake: sindano ya dawa ndani ya jicho, au mwale wa leza. Mara nyingi matibabu haya huokoa uwezo wa kuona uliobaki, lakini si rahisi kurudisha wote uliopotea.

Kudhibiti sukari na shinikizo la damu hupunguza uharibifu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliodhibiti shinikizo la damu barabara walipunguza hatari ya retina kuzidi kuharibika kwa takriban thuluthi moja. Sigara nayo huumiza mishipa hiyo hiyo.

Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa retina mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka au jinsi daktari atakavyoelekeza. Wa aina ya kwanza aanze ndani ya miaka 5. Mama mwenye kisukari akipata mimba apimwe mapema.

Siku ya kupimwa, beba kadi yako ya kliniki na uje na mtu wa kukusindikiza. Utatiwa matone ya kupanua mboni, na kwa saa kadhaa utaona ukungu. Usiendeshe gari wala bodaboda hadi uone vizuri tena.