Kwihara Isiishie Kwenye Tembe la Livingstone

Mgeni anayefika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huoneshwa tembe alimokaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alimtumia kutoka pwani. Anaangalia vyumba, anapiga picha, anaondoka. Kwihara ilikuwa kituo cha njia kuu ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji, na tangu 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO. Historia yote hiyo, na mwanakijiji haambulii kitu.

Kuna njia nyingine: mwaka 2000 wataalamu wa utalii Greg Richards na Crispin Raymond waliupa jina utalii wa ubunifu: mgeni hujifunza ujuzi wa mahali alipofika kwa kuufanya yeye mwenyewe, akifundishwa na wenyeji. Ni kinyume cha utalii wa ufukweni, ambako mtu anaweza kulipia kitanda, chakula na vinywaji akiwa bado Ulaya, asimwachie jirani wa hoteli hata shilingi.

Tabora haina bahari, lakini ina nyuki. Katika misitu ya miombo, mrina asali huchuna gome la mti, akalikunja liwe mzinga na kuutundika juu. Usiku hupanda na moshi, akakata masega ya asali na kuyaacha yale yenye majana, ili kundi lisife. Mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa. Ndiyo maana mizinga ya mbao inahimizwa. Mgeni akigongelea mzinga wake wa kwanza, ataelewa msitu kuliko kwa kusoma bango. Ngoma ya manyanga ya Wanyamwezi nayo ifundishwe na wenyewe, kwa hatua zake.

Kwa maoni yangu, jambo moja lisichezewe: utumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliolipwa ujira, lakini njia hiyohiyo ya misafara ilipitisha watumwa. Kumfunga mgeni minyororo ili apige picha ni kuwadhalilisha marehemu. Wenyeji wasimulie wenyewe, wakiamua lipi lisemwe na lipi libaki la ukoo.

Kaskazini mwa Tanzania, vijiji kama Ng'iresi na Mto wa Mbu vilianza kupokea wageni kwa utaratibu wa utalii wa kitamaduni miaka ya 1990. Wenye mamlaka Tabora waanze na warina asali na wacheza ngoma: wawaite kabla mpango haujaandikwa, na bei waiachie vikundi vyenyewe.