Mficha Maradhi, Kilio Humfichua

Yapo maradhi tunayoyataja bila haya: kisukari, pumu, shinikizo la damu. Yapo na mengine ambayo hufungiwa mlango. Kijana hutoroka usingizi, huacha masomo, hujitenga na wenzake. Husikia sauti tusizozisikia, na huamini kuwa majirani wanamfanyia njama. Sisi wazee twasema ni uvivu, au ni kijicho, au ni jini. Twamsomea, kisha twachanga nauli arudi nyumbani akapumzike. Miezi yapita, na mara nyingi daktari humwona siku ambayo polisi wamekwisha kuitwa.

Hatumlaumu mzazi yeyote. Twasema tu kwamba miezi ile ina gharama.

Huko Norway, katika mkoa wa Rogaland, wataalamu walianza mwaka 1997 kuwafundisha wananchi dalili hizi kwa magazeti, redio na shuleni, na wakaunda kikosi cha kuwafikia wagonjwa upesi. Muda wa kungoja tiba, uliokuwa kama wiki 26, ukashuka hadi wiki 5 hivi. Matangazo yalipokoma, muda ukarefuka tena. Baada ya miaka 10, takriban wagonjwa 31 katika kila 100 wa mkoa huo walikuwa wamepona na kujitegemea; katika sehemu walizolinganishwa nazo, ambako hapakuwa na kampeni hiyo, walikuwa 15.

Aliyechelewa naye asikate tamaa, kwani tiba humfaa hata yeye. Lakini kijana anayekaa mwaka mzima bila tiba hupoteza masomo, kazi na marafiki, na kuvirudisha hivyo ni kazi ngumu kuliko kunyamazisha sauti.

Hapa Uingereza, mwanzo wa njia ni daktari wa familia. Mwombeni ampeleke mgonjwa kwa kikosi cha huduma ya mapema. Tangu mwaka 2016 lengo ni kuwa wengi wa wanaougua kwa mara ya kwanza waanze tiba ndani ya wiki 2 tangu kupelekwa. Mkalimani hutolewa bila malipo. Hali ikizidi, pigeni 111 na mchague 2. Pakiwa na hatari ya maisha, 999.

Dua haikatazwi. Mwenye kuomba na aombe, naye mgonjwa akiwa njiani kwenda kwa tabibu.