Ugonjwa wa Akili Hutibiwa Zahanati

Je, umewahi kuona mtu amefungwa kamba kwa sababu anaumwa akili? Kamba haiponyi mtu. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mengine. Unatibiwa.

Zamani wagonjwa wengi walipelekwa mbali, Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Safari ilikuwa ndefu. Mgonjwa alirudi nyumbani, dawa zikaisha. Karibu hapakuwa na wa kumpa nyingine. Ugonjwa ukamrudia.

Miaka ya 1980 ulianza mpango mpya katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Shirika la Afya Duniani lilisaidia. Waganga na wauguzi wa zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya akili na kifafa. Mgonjwa akatibiwa huku akiishi na kulima pamoja na jamaa zake.

Wewe ufanye nini? Mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiacha kula na kulala, usimcheke. Usimpige. Mpeleke zahanati mapema. Akisema anataka kujiua, usimwache peke yake. Mganga akishindwa, atakupa barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Kifafa nacho hakiambukizi. Mgonjwa akiangukia moto, usiogope kumshika. Mtoe upesi.

Dawa zitumiwe kama mganga alivyoagiza. Wengi huziacha wakipata nafuu. Hilo ni kosa. Rudini zahanati kabla dawa hazijaisha.