Pesa ziko benki, unga hakuna

Janga linapozuka, makundi madogo ya mitaani hukwama si kwa kukosa wafadhili tu, bali pia kwa masharti ya fedha walizo nazo. MWANDISHI WETU alifungua daftari la kikundi kimoja cha Kawangware na kuona jinsi wakfu za jamii zinavyoweza kuokoa jahazi.

NDUGU msomaji, huenda umewahi kuwaona akina mama wanaoketi kando ya barabara asubuhi, pale Kawangware inapopakana na Lavington. Wanangoja. Mwenye nyumba anayehitaji mtu wa kumfulia nguo au kumsafishia nyumba huja, akateua mmoja, na waliosalia wakaendelea kungoja. Ikifika saa nne na hujachukuliwa, unajua siku imekupita.

Jambo ambalo pengine hukuliona ni kwamba kabla ya kufika hapo, kila aliye na mtoto mchanga amempitisha mahali fulani na kumwacha. Huwezi kwenda kufua nguo za watu ukiwa na mtoto mgongoni; wengi wa waajiri hawakubali.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kinachoendesha kituo cha kulelea watoto hao huko Gatina. Ni chumba kimoja cha mabati, mikeka, ndoo za maji na sufuria kubwa ya uji. Mzazi hulipa kidogo kila siku. Asiyekuwa nacho siku hiyo huandikwa katika daftari, naye hulipa akipata. Ni daftari hilo ninalotaka tulifungue pamoja, maana limenifunza kuhusu fedha za wahisani mambo ambayo sikuwahi kuyasikia chuoni.

Unakumbuka mwaka wa 2020. Mnamo Machi 13, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Baada ya siku mbili shule ziliamriwa zifungwe. Kafyu ikaanza Machi 27, na mnamo Aprili 6 jiji la Nairobi likafungiwa: aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie. Malango ya Lavington nayo yakafungwa. Hakuna aliyetaka mfuaji kutoka mtaa wa mabanda aingie kwake na ugonjwa usiojulikana.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo, Aprili 10, umati ulifurika katika ofisi za utawala kule Kibera, palipokuwa pakigawanywa chakula cha msaada. Watu walikanyagana, polisi wakafyatua vitoza machozi, na picha za akina mama waliolala mavumbini zikaenea kote duniani. Bila shaka uliziona.

Upande wa Kawangware hapakuwa na kamera. Katika daftari la shangazi, mwezi huo wa Aprili ni ukurasa mweupe. Hakuna mzazi aliyelipa kwa sababu hakuna aliyefua. Kodi ya chumba ilikuwa palepale, na mwenye nyumba akawa anapita kila jioni kuuliza habari, jinsi wenye nyumba wanavyouliza habari.

Hapa ndipo penye kioja. Kikundi hicho hakikuwa maskini wa kutupwa. Kilikuwa na fedha katika benki, zilizotolewa na mfadhili mmoja kwa ajili ya vifaa vya kuchezea na mafunzo ya walezi. Shangazi na mwenyekiti wake waliandika barua kuomba ruhusa ya kuzitumia kulipia kodi na kununulia unga. Jibu lilichukua wiki tatu. Walielezwa kwa lugha ya adabu sana kwamba fedha hizo zitumike kama ilivyoandikwa katika mkataba, la sivyo zirudishwe.

Kwa hivyo akina mama hao walikaa na pesa benki, huku watoto wakilala bila kutia kitu kinywani.

Pesa zilizofungwa

Usiharakishe kumlaumu mfadhili huyo, msomaji. Hata mimi nilimlaumu, kisha nikatulia. Anayetoa fedha naye ana wakubwa wake wanaodai hesabu, na katika nchi hii sote tumeona fedha za yatima zikijenga ghorofa. Masharti yalizaliwa na wizi. Lakini sharti lililowekwa wakati wa amani linaweza kugeuka kitanzi wakati wa taabu, na kitanzi hicho hakimkabi mwizi bali yule mweka hazina mwaminifu asiyethubutu kugusa hata senti.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Mnamo Machi 2020, kule Marekani, wakfu nyingi ziliungana na kutoa ahadi ya pamoja: kulegeza masharti ya ruzuku zilizokwisha kutolewa, kuahirisha ripoti, na kuyaachia mashirika yaamue yenyewe penye uhitaji mkubwa. Waliotia sahihi walizidi 700. Nyingi miongoni mwao zilikuwa zile ziitwazo wakfu za jamii.

Wakfu wa jamii ni nini hasa? Ni mfuko unaochangiwa na watu wengi wa eneo moja, wakubwa kwa wadogo, kwa manufaa ya eneo hilo. Wa kwanza ulianzishwa katika mji wa Cleveland mwaka wa 1914 na mwanasheria aliyekuwa mkuu wa benki, Frederick Goff. Alikuwa ameona jinsi matajiri walivyokufa na kuacha wosia uliofunga mali yao kwa shughuli ambazo baada ya miaka mingi hazina maana tena. Mkono wa maiti, kwa namna ya kusema, ulikuwa umeshika fedha wala hauachii. Dawa yake ikawa kuikusanya mali hiyo mahali pamoja na kuunda kamati ya wenyeji ambayo ingeamua, kizazi baada ya kizazi, itumike vipi.

Tukirudi hapa kwetu, Kenya Community Development Foundation, maarufu kama KCDF, ulianzishwa mwaka wa 1997 kwa msaada wa Wakfu wa Ford na ule wa Aga Khan, ukasajiliwa mnamo 2001. Sehemu ya fedha zake huwekezwa. Mtaji hauguswi, kinachotolewa ni faida yake. Isitoshe, jamii inayochanga fedha zake yenyewe inaweza kuongezewa juu ya ilizochanga, na zipo jamii zilizoweka fedha zao humo ili ziwazalie. Shilingi ya mwanakijiji hukaa pamoja na ya mhisani katika kapu moja.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kizungu. Muulize mtu wa Lamu au Mombasa. Neno lenyewe, wakfu, limekuwa midomoni mwa Waswahili tangu enzi za mababu: mtu anatoa nyumba au shamba, mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake inatunza msikiti, kisima au mayatima. Hata katika vitabu vya sheria za Kenya imo sheria ya makamishna wa wakfu, ya mwaka wa 1951. Kilichobadilika ni kwamba badala ya shamba la minazi, sasa kuna hati za dhamana na hisa.

Simu moja

Je, kile kituo cha Gatina kiliokokaje? Haukuwa muujiza. Kulikuwa na mfuko mmoja mdogo wa humu nchini ambao maafisa wake walikuwa wamekitembelea mara mbili mwaka uliotangulia, wakanywa uji, wakatazama daftari na kwenda zao bila kutoa hata ndururu. Shangazi alikuwa amekwisha kuwasahau. Aprili hiyo wakampigia simu wao. Waliuliza maswali matatu: mna watoto wangapi, mnadaiwa kiasi gani, na ni kitu gani kikikosekana mtafunga? Wakaomba picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari. Fedha ziliingia kabla ya wiki kwisha, na ripoti waliyotaka ilikuwa karatasi moja na risiti.

Hazikuwa fedha nyingi. Zililipa kodi ya miezi mitatu, zikanunua unga na sabuni. Kituo hakikufunguliwa, maana amri ilikuwa amri, lakini chumba hakikupotea. Uji uligawiwa mlangoni, kila mtoto na kikombe chake kutoka nyumbani. Watu wa mtaani nao wakaongezea. Tangu Machi 17 ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ilikuwa imeondolewa, kwa hivyo hata aliyekuwa na hamsini aliona si haba kuituma.

Nimelitafakari sana jambo hilo. Mfuko ule haukuwa na huruma kuliko yule mfadhili wa barua. Tofauti ni kwamba kazi yake kubwa ulikuwa umeifanya mwaka mmoja kabla ya janga, kwa kunywa uji na kutazama daftari. Ulijua ni nani mwaminifu. Anayekuja mtaani kwa mara ya kwanza siku ya msiba atawajua wenye sauti kubwa tu, pamoja na wale wanaojua kuandika maombi kwa Kiingereza kilichonyooka.

Hata hivyo nisije nikakupamba wakfu hizo kupita kiasi. Makundi mengi ya mitaani hayana njia ya kuzifikia. Kwanza cheti cha usajili, kisha akaunti ya benki yenye watia sahihi, kisha katiba ya kikundi, kisha kumbukumbu za mikutano. Kikundi cha akina mama kumi wanaopikia wagonjwa chakula hakina hayo, na mara nyingi ndicho kinachofika kwa mgonjwa kwanza.

Halafu kuna suala la jina. Kibera inajulikana duniani kote. Kwa miaka mingi tuliambiwa ina wakazi milioni moja au zaidi, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu watu 170,070. Mgeni akitua Nairobi na fedha za kusaidia, dereva humpeleka Kibera bila kuulizwa. Kawangware, iliyo ng'ambo ya Barabara ya Ngong, hukumbukwa inapowaka moto, kama ilivyokuwa Oktoba 2017 baada ya uchaguzi wa marudio. Wakfu wenye wenyeji katika kamati yake haungehitaji kuelekezwa na dereva.

Lakini Kibera nayo ina funzo lake. Mwaka wa 2000 muuguzi mmoja aliyepoteza kazi, Tabitha Atieno Festo, alimwomba mwanafunzi kutoka Marekani, Rye Barcott, shilingi 2,000 ili aanzishe biashara ya mboga. Zilikuwa kama dola 26 wakati huo. Barcott aliporudi mwaka uliofuata, alikuta mama huyo amefungua zahanati ndani ya nyumba yake. Tabitha alifariki mnamo 2004, lakini zahanati hiyo ilikua ikawa kituo cha afya kinachobeba jina lake, chini ya shirika ambalo yeye na Barcott walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Sasa niambie, msomaji: kama zile 2,000 zingekuja na mkataba wa kurasa kumi unaosema ni za mboga na mboga pekee, zahanati ingetoka wapi?

Hayo si ya kale. Mnamo Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani. Katika muda wa siku chache, makundi yaliyokuwa yakifadhiliwa kupitia USAID yaliagizwa yaache kazi. Humu nchini, wahudumu wa kliniki za waathiriwa wa virusi vya Ukimwi waliambiwa waende nyumbani huku wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Shirika lenyewe lilifunga kazi rasmi Julai 1 mwaka huo. Hakuna wakfu wa jamii nchini unaoweza kuziba pengo la ukubwa huo, na anayedai unaweza anakudanganya. Unachoweza ni kulipa kodi ya ofisi na mshahara wa mhudumu mmoja kwa miezi michache, ili faili za wagonjwa zisitupwe njiani wakati wakubwa wakitafuta la kufanya.

Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatupendi kuchangia kodi. Tunachangia mazishi hadi jeneza linang'aa. Tunachangia hospitali na karo. Ni nani kati yetu amewahi kualikwa harambee ya kulipia stima ya kituo cha watoto, akaenda? Ni afadhali wafanyabiashara wa soko la Toi, kando ya Kibera. Wengi wao walikuwa wakiweka akiba kidogo kidogo kila siku kupitia Muungano wa Wanavijiji, na soko hilo lilipoteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vibanda viligeuka majivu lakini vikundi vya akiba vilikuwa bado vipo, na wanachama wake walijuana kwa majina.

Nilipomtembelea shangazi mara ya mwisho alinionyesha safu mpya katika daftari lake. Juu ameandika DHARURA kwa wino mwekundu. Kila mwanachama hutoa shilingi ishirini kila mkutano, na fedha hizo hazichanganywi na nyingine. Hazijafika hata kodi ya miezi miwili. Tayari kuna ubishi: paa linavuja, mvua inakaribia, na wengine wanataka safu nyekundu iguswe. Mwenyekiti anashikilia kwamba paa si dharura. Shangazi anauliza kama wangoje hadi maji yaingie kwenye sufuria ya uji. Watapiga kura Jumapili ijayo.