Kukopa si kukopesha

Majuzi jirani yangu hapa Shimanzi alinionyesha karatasi ya deni. Yeye ndiye aliyetoa pesa, lakini ameandika: "Nimemkopa shilingi 20,000." Nikamwambia, "Mama, hapa umejigeuza mdaiwa."

Kukopa ni kuchukua; kukopesha ni kutoa. Tofauti imo katika -esh-, kiambishi cha kumfanya mwingine atende. Irabu ya mwisho ya shina ikiwa e au o, huja -esh-. Ikiwa a, i au u, huja -ish-. Ndiyo maana mpangaji hupanga nyumba, mwenye nyumba hupangisha.

Mazungumzoni twaelewana hata tukikosea. Karatasi haina wa kuiuliza. Basi kabla hujatia sahihi, tazama mwisho wa kitenzi.